Mali ya Mnada na Swali la Mnunuzi

Mnada ni biashara ifanywayo hadharani. Dalali husimama mbele ya watu, kitu huinuliwa kikaonekana na wote, bei hutajwa kwa sauti, na atoaye zaidi huchukua. Kwa sababu hiyo watu wengi huusadiki mnada kuliko mauzo ya faraghani. Hudhani kwamba kilichouzwa mbele ya macho mia hakiwezi kuwa na ila. Nia ya insha hii ni kuipima imani hiyo. Je, nyundo ya dalali huweza kukata asili ya kitu, kiasi cha kwamba mtu aulizaye baada ya miaka mia moja, "Nani alinunua, na alichokinunua kilikuwa cha nani?" ahesabiwe kuwa mchokozi asiyestahili jibu?

Swali hili lina mahali pake, na mahali penyewe ni Kilosa. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia katika mji huo, na Wajerumani waliokuwa na mashamba katika bonde la Mkondoa wakawa adui katika nchi waliyoihesabu kuwa yao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliziruhusu serikali zilizoshinda kuzishika na kuziuza mali za raia wa Ujerumani, na thamani yake kuhesabiwa katika madeni ya vita. Raia mwenyewe aliambiwa akadai fidia kwa serikali yake. Wenye mashamba wengi walirudishwa kwao. Mali zao ziliwekwa chini ya afisa aliyeitwa Msimamizi wa Mali za Adui, naye katika miaka ya mwanzo ya 1920 aliziuza: mashamba, viwanja vya mjini, nyumba, mitambo. Waingereza walinunua, Wahindi walinunua, Wagiriki walinunua. Wagiriki hasa walikaa sana Kilosa na Kimamba, hata jina lao na mkonge wa sehemu zile vikatajwa pamoja kwa miaka mingi.

Mtu atakaye kufuata nyayo za wanunuzi hao hujitwika kazi nzito. Karani aliyeandika majina alikuwa Mwingereza au Mhindi aliyesoma shule ya Kiingereza. Jina la Kigiriki kwake lilikuwa sauti tupu, akaliandika alivyolisikia, na mwaka uliofuata karani mwingine akaliandika namna nyingine. Mtu mmoja akizaliwa mara tatu katika makaratasi, mchunguzi hana budi kumzika mara mbili. Fedha nazo hazikutulia: katika muda mfupi baada ya vita nchi ilitoka katika rupia, ikapita katika florini, ikafika katika shilingi, hata bei mbili zilizoandikwa kwa miaka miwili tofauti haziwezi kulinganishwa bila hesabu. Tena mnada una desturi yake ya kale: aliyeinua mkono siye lazima mwenye kununua. Wakili hununulia bwana wake, mdeni hununulia mdai wake, ndugu hununulia ndugu. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, baadhi yao walinunua tena mashamba katika nchi iliyokuwa imewafukuza. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, mali za Wajerumani zilishikwa tena. Shamba ambalo Mjerumani alilirudia kwa njia hiyo lilipata kuwa mali ya adui mara mbili, hali udongo wake haukusogea hata shubiri.

Walakini ugumu wa kupata jina ni mdogo kuliko ugumu wa kujua maana ya jina likishapatikana. Tuseme tumepata: fulani alinunua shamba fulani kwa bei fulani. Tumejua nini? Tumejua mahali ambapo uzi umeshikwa na mkono mmoja. Uzi wenyewe una ncha mbili. Ncha moja yaenda mbele, kwa watoto na wajukuu wa mnunuzi na wote waliouziwa baada yake. Nyingine yarudi nyuma. Mnunuzi alipata kwa Msimamizi. Msimamizi alimpokonya Mjerumani. Mjerumani naye alipata kwa nani?

Hapa Kilosa inatoa jibu ambalo sehemu nyingine za nchi haziwezi kulitoa kwa uwazi kama huo. Msowero imo katika wilaya hiyo, na ni Msowero ambako mwishoni mwa Novemba 1884 Carl Peters alipata alama ya Mangungo juu ya karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Kwa mujibu wa karatasi ile Mangungo aliitoa nchi yake pamoja na haki zake zote. Mwezi wa Februari 1885 Kaisari alitoa hati ya kuwalinda Peters na wenzake, na nchi iliyotajwa katika mikataba ya Usagara na jirani zake ikawa mbegu ya koloni zima. Mwaka 1895 ilitoka amri iliyofanya nchi yote isiyo na mwenyewe kuwa mali ya serikali ya Kaisari. Neno hilo, "isiyo na mwenyewe", ladai kutazamwa vizuri. Mkulima wa Usagara hulima mahali, hupaacha pakalala, hulima pengine, kisha hurudi. Mgeni aliyepita wakati shamba limelala aliona pori, akaliandika pori. Juu ya pori la namna hiyo yalijengwa mashamba makubwa. Kabla ya vita kampuni ya Otto, ya watengenezaji wa nguo wa Ujerumani ya kusini, ililima pamba Kilosa kwa majembe ya mvuke, kitu cha ajabu katika nchi ya jembe la mkono.

Kwa hiyo Msimamizi wa Mali za Adui alipouza, aliuza alichokipata kwa nguvu kutoka kwa watu ambao nao walikipata kwa nguvu na kwa karatasi. Wapo wasemao kwamba hapo hapana tatizo: mwizi akiibiwa, asilie. Siwezi kuikubali hoja hiyo, kwa maana inamwangalia mwizi wa kwanza na wa pili tu, inamsahau mwenye kitu. Tena haitofautishi kitu na kitu. Shamba lilikuwa na asili ya Msowero. Lakini kitanda alichokuja nacho mke wa bwana shamba kutoka kwao, sahani alizorithi kwa mama yake, picha za wafu wake, hivyo havikuwa na asili ya Msowero. Mshindi aliyemfukuza mtu na kumwuzia vijiko vyake hakuirudisha haki ya Mangungo kwa vijiko vile. Dhuluma mbili zaweza kulala chini ya paa moja, na kila moja ina mlalamikaji wake.

Turudi sasa kwenye imani ya hadhara. Sheria ya Waingereza kwa karne nyingi ilikuwa na kanuni ya soko la wazi: mtu aliyenunua kwa nia njema katika soko linalotambuliwa, mchana, alipata haki kamili juu ya kitu hata kama kilikuwa kimeibwa. Fikra yake ilikuwa kwamba mwenye kuibiwa alikuwa na nafasi ya kwenda sokoni akakitambua kitu chake. Asipokwenda, na alaumu uvivu wake. Kanuni hii yawezekana ilifaa katika mji mdogo wenye soko moja. Yafaa vipi mahali ambapo mwenye kitu amepelekwa ng'ambo kwa meli, au ambapo mwenye nchi hasomi lugha ya tangazo, wala hana fedha ya kushindana, wala haambiwi kwamba kuuzwa kwa shamba kunamhusu? Waingereza wenyewe waliifuta kanuni hiyo mwaka 1994. Sisi tulikuwa na sababu ya kuitilia shaka zamani zaidi. Soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, lilikuwa la wazi kuliko masoko yote. Dalali aliwapitisha watu mbele ya wanunuzi akitaja bei, mchana kweupe, na mnunuzi alilipa fedha halali. Misafara iliyoteremka Bagamoyo ikipita Usagara ilileta pembe, na ilileta watu pia. Hapana atakayesema leo kwamba uwazi wa soko lile ulimpa mnunuzi haki juu ya mwanadamu. La kuvunda halina ubani, na hadhara nayo ni ubani tu.

Lakini je, tumhukumu mnunuzi? Hapa nataka kwenda polepole, kwa maana ndipo wengi hupotea. Mgiriki aliyefika Kimamba na akiba ndogo, au Mhindi aliyeuza duka lake ili ajaribu mkonge, alikuta serikali inauza. Hakumfukuza mtu. Alilipa bei, akapewa hati, akalima kwa jasho na kwa hasara, na bei ya mkonge ilipoanguka katika dhiki ya miaka ya 1930 alikula hasara hiyo. Kumwita mwizi ni kulitumia neno vibaya. Hata hivyo kuna jambo kati ya wizi na kutokuwa na lawama, na lugha yetu inalijua: ni deni. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wetu wengi wameifuata katika mirathi kwa karne nyingi, mali ya marehemu hairithiwi mpaka madeni yake yalipwe. Mrithi hakukopa, wala hatukanwi kwa kukopa. Lakini haipokei mali safi kabla deni halijatolewa. Naona hapo pana mizani inayofaa kumpimia mnunuzi wa mnada na wajukuu zake. Kitu walichonacho kilikuja na deni juu yake. Sehemu ya deni hilo yaweza kuwa kitu chenyewe, na hayo ni ya mahakama na bunge kuamua. Sehemu yake ndogo kuliko zote, isiyoweza kukataliwa kwa hoja yoyote ninayoijua, ni jibu. Mwenye kitu cha mnada anadaiwa kusema kilitoka wapi.

Wajerumani wenyewe wamefundishwa somo hili kwa namna chungu. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia serikali yao iliuza kwa mnada mali za Wayahudi waliokimbia au waliohamishwa kwenda kuuawa. Bandari ya Hamburg ilijaa makasha ya vyombo vya nyumbani ambayo wenyewe hawakuweza kuyafuata. Walionunua hawakuwa wakuu wa chama tu. Walikuwa watu wa mtaani, waliotaka shuka, meza, vijiko, kwa bei nafuu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Hawa walivilalia vitanda na hawakutaka kuwajua. Leo watafiti katika jumba la makumbusho ya bahari huko Bremerhaven wanafuata makasha hayo mmoja mmoja, nani alikuwa mwenyewe, nani alinadi, nani alinunua. Sipendi kuulinganisha mnada ule na ule wa Tanganyika kana kwamba ni mamoja. Mwenye shamba aliyerudishwa kwao hakupelekwa kuuawa, na kusema vingine ni kuwadhulumu waliouawa. Ninachokitwaa katika mfano huo ni kidogo: kwamba nchi yaweza kuulizana juu ya vijiko baada ya miaka themanini bila kubomoka, na kwamba swali huelekezwa kwa nyumba za kawaida, siyo kwa majumba ya wakuu peke yake.

Hata sasa nimezungumza kana kwamba orodha ya mnada, ikipatikana kamili, yaweza kutosha. Haiwezi. Tutazame kilichouzwa katika shamba la mkonge. Iliuzwa ardhi; ikauzwa mikonge iliyosimama; ikauzwa korona, ule mtambo mkubwa wa kuchuna majani hata yabaki makatani matupu; zikauzwa reli ndogo na magari yake ya kusukuma; ikauzwa nyumba ya bwana. Vitu hivi vyote vina mistari yake katika daftari, kila kimoja na bei. Watu waliokata majani hawakuuzwa, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwaka 1922, katika miaka ile ile ya kuuza mashamba, sheria ya Tanganyika ilikomesha utumwa usitambuliwe tena. Walakini walikuwako. Walikuja kutoka mbali, mikoa ya kusini na ya magharibi na nchi za jirani, wakafanya kazi kwa kipande cha siku thelathini, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Shamba lilipobadili mwenyewe, kambi yao haikubadilika. Asubuhi ile ile kengele ililia, na mtambo ule ule uliowakata vidole wenzao ukaendelea kwa jina la bwana mwingine. Thamani ya korona aliyoilipa mnunuzi ilikuwa na kazi yao ndani yake, maana mtambo usio na wakataji ni chuma cha kukaa kutu. Mchunguzi atakayeifuata korona kutoka mkono hata mkono asipowaona wao atakuwa ameandika historia ya chuma.

Kusini ya Kilosa kidogo, Mikumi inatuonyesha upande mwingine wa jambo. Tambarare ile ya mivumo na mbuga ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, miaka mitatu tu baada ya uhuru. Hapakuwa na mnada, wala dalali, wala bei, wala mnunuzi wa kutafutwa. Tangazo la serikali lilitosha, na aliyekuwa akiwinda au kurina asali humo akakatazwa. Siifananishi kazi hiyo na kazi ya Peters. Nchi iliyojitawala iliweka akiba kwa ajili ya watu wake na wanyama wake, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi kwamba tembo wangali wanavuka barabara ile. Lakini mtu wa kijiji kilicho pembezoni mwa hifadhi akiuliza, "Nani alichukua?" huambiwa, "Sisi sote." Jibu hilo ni la kweli, na kwa ukweli wake ni gumu kulishika kuliko jina la Mgiriki mmoja. Katika mnada walau pana mtu wa kumwandikia barua. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaouchukia mnada wenyewe. Ubaya haukuwa katika kunadi. Kunadi kuliacha karatasi, na karatasi ni rafiki wa aliyedhulumiwa kuliko ukimya.

Atasema msomaji kwamba maswali haya ni ya kufukua makaburi. Mashamba ya mkonge yaliguswa na Azimio la Arusha, mengi yakawa mali ya umma mwaka 1967; mkonge ukaanguka; baadaye serikali ikayauza tena kwa watu binafsi; mengine yakaachwa yakawa pori kwa mara ya pili. Nani atafaidika kujua jina la mnunuzi wa mwaka 1921? Ningekubali kunyamaza kama Kilosa ingekuwa imetulia. Lakini mwezi wa Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua zaidi ya watu thelathini, wakiwamo wanawake na watoto. Ugomvi ule ulikuwa na vyanzo vingi, na sitaki kuusukuma wote juu ya mnada wa kale. Ila nauliza, katika wilaya ambayo sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya bondeni imekuwa ikipita kwa hati kutoka kwa mgeni hata kwa mgeni, ni ajabu gani kwamba waliobaki pembeni wanabanana? Mkulima na mfugaji wa Rudewa hugombana juu ya mabaki ya mlo ambao hawakualikwa. Asiyejua mlo huo ulivyogawanywa atadhani adui yake ni yule aliye karibu naye.

Pana hatari ya upande wa pili, nami naiogopa vile vile. Jina likipatikana laweza kugeuzwa rungu. Mtu atalipeleka kwenye mkutano wa hadhara, atamwonyesha kidole mjukuu wa Mhindi au Mgiriki ambaye hajui lolote ila duka lake, na hasira iliyokuwa haina pa kwenda itapata mlango. Historia ya Afrika ya Mashariki ina mifano ya kutosha ya umati uliopewa jina. Kwa hiyo naona mchunguzi ana wajibu ambao haumhusu mnunuzi peke yake. Asitoe jina la mnunuzi bila jina la muuzaji; asitoe jina la muuzaji bila amri iliyompa ruhusa ya kuuza; na amri hiyo isitajwe bila kutajwa Msowero na karatasi ya mwaka 1884. Jina moja likisimama peke yake hudanganya hata kama limeandikwa sawasawa.

Kazi yenyewe yaweza kufanywa. Matangazo ya serikali ya miaka ile yapo. Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam zina majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza yanayohusu ardhi. Na wazee wa Kimamba, Rudewa na Ilonga waliosimuliwa na wazazi wao habari za makambi bado wanaweza kuulizwa, ingawa kila mwaka wanapungua. Kilosa ni mji unaopigwa na mafuriko ya Mkondoa. Yale ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalivunja nyumba na kuing'oa reli, na haiwezi kuwa kwamba maji yaliyobeba reli yaliacha makaratasi ya watu makabatini. Familia za wanunuzi zilizohamia Dar es Salaam, Athene au London aghalabu zina hati na picha ambazo hazina thamani ya fedha tena. Haziombwi kuzitoa. Zinaombwa kuruhusu zinakiliwe, na nyuma ya kila nakala iandikwe jina la shamba, mwaka, bei kwa fedha ya siku zile, na, kama yupo anayekumbuka, kambi ilikuwa upande gani wa nyumba.